Maji Maangavu Si Maji Salama

Leo tuyaweke kando mambo ya siasa na bei ya sukari, tuingie sebuleni. Nataka kuzungumzia tangi la kioo, lile ambalo zamani ulilikuta kwenye mapokezi ya hoteli kubwa tu, na ambalo sasa utalikuta saluni, kwenye kliniki ya meno, na hata katika nyumba za watu wa kipato cha kawaida. Ndani ya matangi hayo, pamoja na samaki wa rangi tuliowazoea, ameingia mgeni mwingine: kamba mdogo mwekundu wa maji baridi.

Ninaposema kamba simaanishi kamba ya kuanikia nguo, wala yule kamba mkubwa wa baharini anayekaangwa kwa kitunguu saumu. Huyu ana urefu wa sentimita 2 au 3 tu. Asili yake ni vijito vya China, Taiwani na nchi za jirani, na wataalamu humwita Neocaridina davidi. Porini ni wa rangi ya kahawia isiyovutia. Wekundu wake umetokana na wafugaji kuchagua kizazi baada ya kizazi. Wala ukoo wake si mgeni kwetu. Ziwa Victoria lina kamba wake mdogo, Caridina nilotica, ambaye Wajaluo humwita ochong'a, na ambaye mara nyingi hukutwa amechanganyika na dagaa sokoni Mwanza au Kisumu. Ziwa Tanganyika nalo lina kamba wadogo wasiopatikana mahali pengine popote duniani.

Sasa malalamiko ninayoyasikia kutoka kwa wanaofuga kamba hawa ni ya namna moja. Mtu amenunua tangi asubuhi, amelijaza maji ya bomba mchana, na jioni amewatia kamba 10. Siku ya tatu wawili wamekufa. Mwisho wa juma wamebaki watatu. Mwenyewe anamwaga maji yote, anasugua kioo na mawe mpaka vinang'aa, anajaza upya, ananunua kamba wengine, na wale nao wanakufa. Huyu atamlaumu muuzaji kwamba amempa wagonjwa. Yule atasema ni jicho la jirani. Na wote wawili watakwambia neno lilelile: "Lakini maji yalikuwa safi kabisa!"

Hapo ndipo penye kiini cha mazungumzo ya leo. Maji yanaweza kuwa maangavu kama kioo, hayana harufu, hayana takataka, nayo yakawa sumu. Kinyume chake, tangi ambalo mawe yake yana utelezi na kioo chake kina ukijani kidogo linaweza kuwa ndilo salama kuliko yote mtaani. Tukilielewa jambo hili, mengine yote yanafuata.

Tuanze na choo. Kila kiumbe anayekula lazima atoe uchafu, na kamba hutoa uchafu wake katika maji yaleyale anayoyapumua. Sehemu kubwa ya uchafu huo, pamoja na chakula kilichobaki na majani yanayooza, hugeuka kuwa amonia. Katika ziwa amonia ya kamba mmoja si kitu, kwa kuwa imesambaa katika maji yasiyo na hesabu. Katika tangi la lita 40 haina pa kwenda. Inajilimbikiza, na kwa kuwa haina rangi, jicho haliioni. Kamba anaungua mashavu, anashindwa kuvuta hewa, anakufa.

Je, amonia huondokaje katika mito na udongo? Swali hili lilijibiwa na Wafaransa wawili, Schloesing na Müntz, mwaka 1877. Walijaza mchanga na chokaa kidogo ndani ya bomba la kioo, wakawa wanapitisha humo maji taka polepole. Kwa siku kama 20 hapakutokea lolote. Amonia iliyoingia juu ilitoka chini vilevile. Kisha, bila wao kubadili kitu, amonia ikaanza kutoweka na badala yake ikatoka nitrati, yaani ile chumvi inayorutubisha mimea. Walipoingiza mvuke wa klorofomu, kazi hiyo ikasimama. Walipotia maji yaliyooshewa udongo wa bustani, ikaanza upya. Wakatambua kwamba si mchanga uliokuwa unafanya kazi, bali ni viumbe hai waliokaa juu ya mchanga. Mwaka 1890 mtaalamu wa Kirusi, Sergei Winogradsky, akiwa Zurich, alifanikiwa kuwatenga viumbe hao. Ni bakteria.

Naomba uzikumbuke zile siku 20, maana nitazirudia.

Bakteria hawa wamegawana kazi. Kundi la kwanza hula amonia na kutoa nitriti. Kundi la pili hula nitriti na kutoa nitrati. Majina haya mawili yanatofautiana kwa herufi moja tu, lakini tofauti yake kwa kamba ni ya kufa na kupona. Nitriti ni sumu kali, karibu sawa na amonia yenyewe. Nitrati haina ukali huo. Kiumbe huivumilia isipokuwa ikizidi mno, na mimea ya majini huila. Kwa miaka mingi vitabu vilisema kwamba kazi ya pili katika matangi hufanywa na bakteria aitwaye Nitrobacter. Mwaka 1998 watafiti wa Marekani walipochunguza matangi ya maji baridi walikuta kwamba anayefanya kazi hiyo humo ni jamaa wa Nitrospira. Na mwaka 2015 ikagunduliwa kwamba wapo Nitrospira wanaoweza kufanya kazi zote mbili peke yao, kutoka amonia hadi nitrati. Elimu bado inakua, ila kwa mfugaji wa sebuleni kanuni haijabadilika: bila bakteria hao, tangi ni shimo la choo lenye kuta za kioo.

Bakteria hao wanakaa wapi? Hapa wengi wanakosea, wakidhani wanaelea majini. Wengi wao hukaa wamejishika juu ya vitu: kwenye mchanga, mawe, mizizi, na zaidi ya yote kwenye sponji ya chujio, ambako maji yenye oksijeni hupita muda wote. Ule utelezi unaouona kwenye mawe ya mtoni ni miji ya viumbe wadogo, na bakteria wetu wamo. Kwa hiyo yule bwana aliyesugua mawe na kuosha sponji kwa maji ya bomba alibomoa mji mzima, kisha akawaleta wageni wapya wakalale nje.

Sasa tuone namna ya kulitayarisha tangi. Wafugaji husema kulizungusha tangi, kwa sababu amonia huanza mzunguko wake hadi ukakamilika. Osha mchanga kwa maji matupu, bila sabuni. Weka mawe, mmea mmoja au miwili, na chujio la sponji linalosukumwa na pampu ya hewa. Jaza maji yasiyo na klorini. Klorini huwekwa katika maji ya bomba ili kuua vijidudu, nayo haichagui; itaua hata wale tunaowataka. Ukiyaacha maji katika ndoo wazi kwa saa 24 au zaidi huku ukiyakoroga mara kwa mara, klorini ya kawaida hupungua sana. Zipo nchi ambazo hutumia kloramini badala yake, na hiyo haiondoki kwa kuachwa wazi. Inahitaji dawa ya kuiondoa, inayouzwa katika maduka ya samaki wa mapambo.

Baada ya hapo, usitie kamba. Tia chakula cha samaki kidogo tu, kiasi cha kushika kwa vidole viwili, kila baada ya siku mbili. Kitaoza, kitatoa amonia, na bakteria watapata riziki. Kisha pima. Vipimo vya matone vinauzwa katika maduka hayohayo: unachota maji katika kichupa, unadondosha dawa, unalinganisha rangi na karatasi. Katika juma la kwanza au la pili utaona amonia ikipanda. Halafu itaanza kushuka, na nitriti itapanda. Hapa ndipo watu wengi wanaponaswa: wanaona amonia imeisha, wanafurahi, wanatia kamba, kumbe wamewatia katikati ya nitriti. Subiri. Nitriti nayo itashuka, na nitrati itaonekana. Siku utakapokuta amonia sifuri na nitriti sifuri, ilhali umetia chakula jana na juzi, na nitrati ipo, basi mji umejengwa.

Huchukua muda gani? Kwa kawaida ni majuma 4 hadi 6. Joto la pwani yetu huwafaa bakteria hao, kwa hiyo mambo huweza kwenda haraka kidogo. Ukipata kipande cha sponji kutoka kwa rafiki mwenye tangi la zamani lenye afya, muda hupungua sana, kwa kuwa umehamisha familia nzima. Hicho ndicho walichofanya Schloesing na Müntz kwa maji ya udongo wa bustani. Lakini asiye na sponji hiyo atangoja kama wao walivyongoja zile siku 20 na zaidi. Subira yavuta heri, na katika jambo hili hakuna njia ya mkato.

Na hata mzunguko ukikamilika, mimi humshauri mtu aongeze majuma mawili mengine. Kamba mdogo hushinda akila ule utelezi na ukijani wa kwenye mawe. Tangi jipya lisilo na vitu hivyo ni kama nyumba isiyo na jiko.

Nimemaliza habari ya uchafu. Naingia katika habari ya madini, kwa sababu kamba anaweza kufa katika maji yasiyo na amonia hata chembe.

Kamba amevaa mifupa yake nje. Ili akue lazima ajivue gamba lake la zamani na kutengeneza jipya, na gamba hilo linahitaji kalisi. Kalisi na magnesiamu vilivyoyeyuka ndivyo vinavyoyafanya maji yaitwe magumu. Vikikosekana maji huitwa laini. Maji yakiwa laini mno, gamba jipya huwa dhaifu. Yakibadilika ghafla, kamba hushindwa kujivua, na wafugaji wengi wamekwisha kuona ule mstari mweupe unaozunguka mgongo nyuma ya kichwa, kisha mnyama akafa akiwa nusu ndani, nusu nje.

Huhitaji maabara kujua maji yako ni ya aina gani. Tazama birika. Likifanya ukoko mweupe upesi, maji ni magumu. Fua leso, sabuni ikikataa kutoa povu, ni magumu vilevile. Unguja, ambako maji mengi hutoka chini ya miamba ya matumbawe, watu wanajua habari hiyo bila kufundishwa, na visima vingi vya Mombasa ni hivyohivyo. Nairobi, ambayo hupata sehemu kubwa ya maji yake kutoka bwawa la Ndakaini, hunywa maji laini. Dar es Salaam maji ya bomba hutoka zaidi mto Ruvu, lakini nyumba nyingi zina visima, na vingine vina chumvi kabisa. Hivyo majirani wawili wanaweza kuwa na maji mawili tofauti. Usinakili kipimo cha mwenzako. Pima ya kwako.

Kamba huyu mwekundu, kwa bahati, si mchaguzi sana. Ugumu wa miligramu 100 hadi 200 kwa lita unamfaa, pH ya 6.5 hadi 8, na joto la nyuzi 20 hadi 28. Mwenye maji laini anaweza kuweka kipande cha tumbawe au makombe machache ndani ya tangi. Huyeyuka polepole na kuongeza kalisi. Mwenye maji magumu mno anaweza kuchanganya na maji ya mvua safi, yasiyopitia bati lenye kutu au rangi.

Mambo haya mawili, uchafu na madini, yanashikana. Bakteria wanapobadili amonia hutoa asidi, na asidi hiyo hula kabonati iliyomo majini: kwa kila gramu 1 ya naitrojeni ya amonia, huliwa kabonati ya kiasi cha gramu 7 za chokaa. Katika maji laini akiba hiyo huisha, pH inaporomoka, na ikishuka chini ya 6 bakteria wenyewe hulegea, kisha amonia inarudi. Kwa upande mwingine, pH ikiwa juu amonia huwa kali zaidi. Kwa joto la nyuzi 25, katika pH ya 7 sehemu isiyofika asilimia 1 ya amonia yote ndiyo iliyo katika hali ya sumu kali. Katika pH ya 8 ni asilimia 5 hivi, na katika pH ya 9 ni zaidi ya theluthi moja. Kwa hiyo mtu wa Unguja mwenye maji ya matumbawe hana ruhusa ya kucheza na amonia hata kidogo, na mtu wa Nairobi lazima aiangalie akiba yake ya chokaa.

Kuna maadui watatu wa kuja kutoka nje. Wa kwanza ni dawa ya mbu. Kamba na mdudu ni watoto wa ukoo mmoja, na dawa za kupuliza za jamii ya pareto, zinazomdondosha mbu, humdondosha kamba kwa kiasi kidogo zaidi ya unavyofikiri. Unapopuliza sebuleni, funika tangi, zima pampu ya hewa, na uwashe tena baada ya kufungua madirisha. Wala usitumbukize mkono uliotoka kushika chandarua chenye dawa. Wa pili ni shaba. Damu yetu hubeba oksijeni kwa chuma, ya kamba hubeba kwa shaba. Na bado shaba ikizidi majini kidogo tu humuua. Dawa nyingi za magonjwa ya samaki zina shaba, kwa hiyo soma maandishi ya chupa kabla ya kutia. Wa tatu ni joto. Maji ya nyuzi 20 hubeba oksijeni kama miligramu 9 kwa lita. Ya nyuzi 30 hubeba 7.5 hivi. Mwezi wa Februari huko Dar es Salaam au Mombasa, na umeme ukikatika usiku, tofauti hiyo ndiyo huamua nani ataamka hai.

Kulitunza tangi lililokwisha kukomaa ni kazi ndogo. Kila juma toa sehemu ya kumi ya maji, au mbili za kumi zikizidi, urudishe yaliyokaa bila klorini na yenye joto lilelile. Sponji ikiziba, ikamue ndani ya ndoo ya maji uliyoyatoa tangini, usiipeleke bombani. Maji yakipungua kwa jua, ongeza maji ya mvua au yaliyotoneshwa, kwa sababu kinachopaa ni maji peke yake na madini hubaki nyuma. Wanaovuna chumvi Bagamoyo na Gongoni wanaishi kwa kanuni hiyohiyo. Wewe hutaki tangi lako liwe shamba la chumvi. Na lisha kidogo. Chakula kinachobaki baada ya saa mbili ni amonia ya kesho.

Tena, tafadhali, usimwage kamba hawa mtoni au ziwani ukichoka nao. Wamekwisha kuenea katika mito ya nchi kadhaa zisizo zao, na maziwa yetu tayari yamejua gharama ya mgeni asiyealikwa tangu sangara alipoingizwa Ziwa Victoria katika miaka ya 1950.

Huenda mtu akaniuliza, yote haya ya nini kwa mdudu wa sentimita 2? Jibu langu ni kwamba kanuni ni ileile popote viumbe wanapofugwa katika maji machache. Mwenye bwawa la perege kule Morogoro au Kakamega, anayeamka asubuhi na kukuta samaki wanahema juu ya maji baada ya kumwaga pumba nyingi kupita kiasi, anatafunwa na hesabu hiyohiyo ya amonia na oksijeni, ila yeye anapoteza ada ya shule. Aliyejifunza katika lita 40 atalielewa bwawa.

Kwa wauzaji nina ombi. Msimuuzie mtu tangi na kamba siku moja. Muuzieni tangi, mchanga, sponji na kipimo cha matone, mwambieni arudi baada ya mwezi na nusu. Fedha yenu haitapotea. Mteja ambaye kamba wake wamezaa hurudi tena na tena, na yule ambaye wake wamekufa harudi. Na wewe mnunuzi, usione aibu tangi lako likikaa bila mnyama kwa majuma sita huku wageni wakikuuliza samaki wako wapi. Waambie wenye nyumba bado wanajenga.